Dola Isiyooshwa

Kwetu Usukumani mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Hali naye pamoja, na wakikutana njiani mmoja hupisha pembeni na kugeuza uso mpaka mwenzake apite. Watu wa Ushirombo, alikotoka mke wangu Euphrasia, nao ni vivyo hivyo, na nadhani wametuzidi. Sasa chukua mila hiyo, iweke ndani ya nyumba ya vyumba viwili katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi wa Geita, mwaka 1952, kisha mlete mama mkwe akae humo tangu kiangazi mpaka mvua. Niliingia chumbani mwangu kwa kupitia dirishani mara nyingi kuliko mwizi.

Sikulalamika, angalau si kwa sauti. Euphrasia alikuwa amepoteza mimba mbili. Ya kwanza ilitoka mapema. Ya pili ilifika mwisho wake, lakini tulimzika mtoto ambaye hatukuwahi kusikia sauti yake. Hii ilikuwa ya tatu, na mama yake alipopata habari alipanda lori akaja na mkeka wake, kibuyu cha samli na mdomo wake. Siku hiyo hiyo alimpiga marufuku binti yake kuchota maji, kutwanga na kuinama.

"Kazi yako ni kulala," alimwambia. "Zilizobaki ni zangu."

Nilimsikia nikiwa nje nimeshika ndoo, maana kazi ya maji ilikuwa imeshaniangukia mimi.

Tulisalimiana kupitia ukuta. "Shikamoo, mayu," nilisema kila asubuhi, kwa jina letu la mama. "Marahaba, baba," aliitikia, na basi, tumemaliza. Akiwa na neno refu zaidi alimtuma jirani yetu Ghati, mke wa mchimbaji kutoka Musoma, mwanamke mwenye sauti ya kutosha migodi miwili. Ghati husimama mlangoni na kukupa ujumbe kana kwamba wewe uko ng'ambo ya ziwa.

Mimi nami nilikuwa na shughuli yangu, mbali na ndoo. Nilikusanya dola za kale za Marekani.

Usicheke. Nilikuwa msaidizi katika chumba cha kupimia dhahabu mgodini, na mtu akishinda kutwa nzima ameinamia mzani mdogo, macho yake huzoea kutafuta vitu vidogo. Pale gulioni Geita alikuwapo sonara aitwaye Maganga. Vikongwe walimletea fedha zao za zamani, walizoziita reale, naye akaziyeyusha kuwa bangili. Siku moja nilikuta juu ya meza yake sarafu kubwa nyeusi, upande mmoja kichwa cha mwanamke, upande wa pili tai. Nikamwambia asiiguse. Nikainunua na kumpelekea Bwana Hobart, Mmarekani aliyekuwa mpima miamba wetu, nikitaka tu kujua ni kitu gani.

Bwana Hobart aliitazama, akavuta kiti, akakaa.

"Donato," alisema kwa Kiswahili chake cha kambini, "hii natoka kwetu. Hii mzee sana."

Alinieleza kwamba zamani za babu zetu merikebu za Wamarekani zilikuja Unguja na shuka za marekani, zikanunua pembe za ndovu, na dola zao zikapanda bara na misafara mpaka Unyamwezi na Usumbwa. Nyingine zilifukiwa, nyingine zikavaliwa, nyingi zikaishia katika moto wa akina Maganga. Zile za mwanzo kabisa, zilizopigwa taifa lao lilipokuwa bado changa, kwao watu huzitafuta kwa udi na uvumba.

Tangu siku hiyo nikawa mgonjwa wa dola. Kila siku ya mshahara nilifika gulioni kabla Maganga hajawasha moto. Nilizunguka magulio mpaka Katoro na mpaka Kahama nikitazama shingo za vikongwe, hadi wazee wa mtaa wakamwendea mke wangu kumuuliza kama nina akili timamu. Euphrasia aliwajibu kwamba hata yeye anangoja kujua.

Bwana Hobart alinifundisha sheria za shughuli hiyo. Sarafu haitobolewi. Haipigwi tupa. Na zaidi ya yote, haioshwi. Ule weusi juu yake ndio ngozi yake, imeota kwa miaka mia na zaidi, na ukiutoa umeichuna. Mtu anayejua hataitaka tena.

Seremala wa mgodi alinitengenezea kasha la mninga lenye vitundu vya duara, nikavitandika kitambaa chekundu. Vitano nilivijaza. Cha katikati nilikiacha wazi, na kila aliyeona kasha alipata hotuba ya kile kitundu. Kilikuwa cha dola ya 1795, ile ya kwanza kwanza, ambayo mwanamke wake ameachia nywele mabegani bila utepe wowote. Bwana Hobart alikuwa nayo moja. Na Bwana Hobart, mvua zilipokuwa zinakaribia, alikuwa anarudi kwao moja kwa moja. Tukakubaliana: atanipa yake, nami nimpe zangu tano, kwa kuwa zilikuwa za miaka ambayo yeye hakuwa nayo.

"Tano kwa moja," alisema Euphrasia kutoka kitandani. "Hiyo ni hesabu ya mlevi."

"Hiyo moja ndiyo mama wa zote," nikamwambia.

"Basi mheshimu usimtazame," akasema, na akacheka peke yake mpaka mama yake akamwambia kupitia ukuta atulie, asije akamtikisa mtoto.

Jumapili ya kuagana nilitoka misani nikamkuta Bwana Hobart mlangoni, gari limejaa masanduku, anaelekea Isaka kupanda treni. Nilitoa kasha uvunguni mwa kitanda, nikalileta nje kwenye mwanga, nikalifungua kwa madaha kama padre anayefungua tabernakulo.

Harufu ya limau ilinipiga kabla macho hayajaelewa. Dola zangu tano ziling'aa. Ziling'aa kama sufuria mpya za dukani. Yule mwanamke wa kwenye sarafu alikuwa mweupe pua na mashavu, na juu ya shavu lake michirizi midogo ya kusuguliwa.

Bwana Hobart alichukua moja, akaigeuza, akairudisha kitunduni taratibu. Aligusa ya pili, ya tatu hakuigusa.

"Nani nafanya hii?" akauliza kwa upole, na upole ule ulinichoma kuliko kama angepiga kelele.

Nyuma ya ukuta mtu alikohoa, kikohozi cha mtu aliyeridhika na kazi yake. Na papo hapo Ghati akatokea.

"Mama anasema ni yeye!" alitangaza kwa kambi nzima. "Amezisugua mwenyewe tangu jana! Majivu, limau na gunzi la hindi! Anasema vidole vinamuuma, lakini sasa ni safi!"

Sasa niambie wewe ungefanya nini. Kumkemea mama mkwe, kwetu, ni aibu isiyokuwa na mahali pa kuiweka. Hata mlevi hafanyi. Maneno yalinijaa kinywani kama ugali wa moto, siwezi kumeza, siwezi kutema. Bwana Hobart alinitazama. Ghati alinitazama. Ukuta nao ulikuwa unangoja.

"Wabeja, mayu," nikasema. Ahsante, mama. "Wabeja sana."

"Si kitu, baba," ukuta ukajibu.

Bwana Hobart alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Alisema angependa, lakini hizi hawezi; "hizi nakwisha kufa," akasema. "Pole, Donato. Pole sana." Kisha gari likaondoka, na dola ya 1795 ikiwa ndani ya mfuko wa koti lake. Nikaenda nyuma ya lile lundo kubwa la mawe ya mgodi, nikayaambia mawe kila kitu nilichoshindwa kuuambia ukuta.

Niliporudi, Euphrasia aliniuliza, "Umekasirika?"

"Sijakasirika."

"Mbona unatafuna mswaki?"

"Nasafisha meno. Si ndiyo nyumba ya usafi hii?"

"Amefanya kwa nia njema, Donatus."

"Nia njema imenichuna dola tano."

Alicheka akishika tumbo kwa mikono miwili, na mimi sikucheka. Kwa majuma mawili nilikunywa uji wa mama mkwe kwa hasira. Ulikuwa uji mtamu, wa ulezi na samli kidogo, na utamu wake ulinizidishia hasira.

Uchungu ulimshika Euphrasia siku ya kazi, asubuhi. Sikuhitaji mjumbe; Ghati aliniita akiwa getini na mgodi mzima ukajua. Nilikimbia nikakaa nyuma ya nyumba juu ya rundo la kuni, mahali pa mwanamume siku kama hiyo. Jua lilipanda. Nilimsikia mke wangu akiguna, akilia, akimwita mama yake, na mama yake akimjibu kwa Kisumbwa cha kwao kwa sauti ile ile ya kumkataza kuchota maji. Kisha Euphrasia alipiga ukelele mmoja mrefu. Kisha kukawa kimya.

Nilikijua kimya kile. Nilikuwa nimekaa juu ya kuni hizo hizo kilipokuja kwa yule tuliyemzika. Nikasikia midomo yangu inasali, na katika sala ile hapakuwa na dola hata moja.

Halafu nikamsikia mama mkwe. Hakuwa analia. Alikuwa anamgombeza mtu.

"Vuta! Vuta pumzi, wewe! Umetoka mbali hivi uje unyamaze?"

Nikasikia kofi dogo. Nikasikia mtu anafyonza na kutema, anafyonza na kutema, kisha anapuliza. "Vuta!" Na ndipo kitu kikakoroma kama mlango mkavu, kikakohoa, kikalia. Kililia kwa hasira kubwa, na mimi nikateleza kutoka kwenye kuni nikakaa chini udongoni.

Ghati alitoka akiwa na machozi mpaka shingoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alizungumza taratibu. Mtoto wa kiume. Alikuja amezungukwa na kitovu shingoni, rangi ya buluu. Mama alimfyonza pua na kinywa kwa kinywa chake mwenyewe, akampulizia, akamgombeza mpaka akakubali. Na sasa amemkandamiza Euphrasia tumbo kwa ngumi kwa sababu damu ilikuwa nyingi, na hatoki pale mpaka dresa wa zahanati ya mgodi afike na sindano yake.

Dresa alifika. Damu ilikatika. Jua lilipokuwa utosini nilikuwa na mke na nilikuwa na mtoto, na nilikwenda nikaweka paji la uso wangu kwenye ule ukuta wa udongo.

"Wabeja, mayu," nikasema.

Lilikuwa neno lile lile la Jumapili ile. Lakini Jumapili ile lilitoka kwenye meno. Siku hii lilitoka mahali ambapo sikujua nina kitu, na nililia nikiwa nalisema, na sikujali nani ananisikia.

Kitovu kilipodondoka mama mkwe alisema mtoto ataitwa Mihambo, jina la babu yake yeye, aliyekuwa mchukuzi wa pembe katika misafara ya pwani. Mapadre wangempa la kwao kanisani. Hili ni la nyumbani. Na mwenye jina la babu huvaa kitu cha babu. Kilikuwa kifuko cha ngozi kilichoshonwa pande zote, ambacho mama mkwe alikuwa amekivaa shingoni tangu ujana wake. Uzi ulikuwa umechakaa, na ni kazi ya baba wa mtoto kukifumua na kukishona upya katika ngozi mpya.

Nilikaa kizingitini, mgongo kuelekea ndani. Ghati akaniletea kifuko. Kilikuwa cheusi kwa samli ya miaka mingi, na bado kilikuwa na joto la mwili. Nikakata uzi kwa kisu, nikakipindua kiganjani.

Ilikuwa nyeusi, nyeusi ya buluu, bila tundu, bila mkwaruzo. Mwanamke aliachia nywele mabegani, hakuwa na utepe. Chini yake, 1795. Niliigeuza ubavu nikaona na yale maandishi madogo ya ukingoni ambayo Bwana Hobart alinionyesha kwenye yake kwa kioo cha kukuzia. Tai alisimama ndani ya matawi yake, kila unyoya mahali pake. Yake ya Bwana Hobart ilikuwa imelika. Hii ilikuwa imelala katika ngozi na samli tangu ilipotoka pwani.

"Una nini?" Ghati akauliza. "Umeona nyoka?"

Nilikuwa nimezunguka Geita, Katoro na Kahama nikitazama shingo za vikongwe mpaka nikasemwa mtaani. Na muda wote dola ilikuwa nyumbani kwangu, nyuma ya ukuta wangu, kwenye shingo moja tu katika nchi hii ambayo nilikatazwa kuitazama. Nilianza kucheka. Euphrasia, ambaye aliiona kutoka kitandani, akaanza naye, na mtoto akaamka.

Nilipopata pumzi nikasema, "Ghati, muulize mama. Zile zangu alizisugua. Mbona hii hakuiosha?"

Mama mkwe hakumngoja Ghati. Alijibu mwenyewe, kupitia ukuta, na ndiyo mara ya kwanza aliponiambia maneno zaidi ya salamu.

"Hii naijua mikono yake, baba. Ilitoka kwa babu ikaja kwa mama, kwa mama ikaja kwangu. Hupakwa samli, haioshwi. Zile zako sikuzijua. Reale za zamani zimenunua pembe, na zimenunua watu. Ulizipata sokoni, hujui zimepita kwa nani, wala nani alilia zilipopita. Ukaziweka chini ya kitanda, na juu yake amelala binti yangu na mimba, na kitandani hapo zimeshaharibika mbili. Ningeziacha? Nilisugua moja moja, na kila moja nikaisalia Salamu Maria, mpaka nikaona sasa mtoto anaweza kuja."

Sijui kama fedha inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Padre angesema hapana, na pengine ni kweli. Ninachojua ni kwamba mwanamke mzee alikaa siku nzima na majivu na gunzi mpaka vidole vikavimba, akimfungulia njia mwanangu, na mimi nikaenda kumtukana mbele ya mawe. Niliishona dola katika ngozi mpya, nikaipaka samli, nikaifunga shingoni mwa mwanangu mwenyewe.

"Haya," Euphrasia akasema. "Umeipata."

"Ameipata yeye," nikasema.

Nilifikiri kumpelekea Bwana Hobart habari. Nikaacha, namjua, angegeuza meli.

Kwetu mkwe akishapata mtoto humpa mama mkwe zawadi, na akiipokea, tangu hapo wanaweza kusalimiana uso kwa uso. Wengine hutoa blanketi, wengine mbuzi. Mimi nilichukua dola zangu tano kwenda kwa Maganga.

"Zitoboe," nikamwambia. "Nataka mkufu."

Maganga aliweka chini koleo lake. "Wewe? Wewe uliyenizuia kuzigusa kama nimeshika mtoto wa watu?"

"Toboa, Maganga."

Alitoboa, na mimi nilisimama pale nikitazama, wala sikuumia. Kasha la mninga nilimpa Euphrasia. Mpaka leo lina vifungo na sindano.

Siku mama mkwe aliporudi Ushirombo lori lilikuwa linanguruma barabarani na dereva anapiga honi. Ghati alipeleka mkufu ndani. Nilisimama uani, macho chini, nikitazama vidole vyangu vya miguu, nimepanga hotuba ndefu ya shukrani. Nikasikia hatua, zikasimama mbele yangu.

"Haya, baba," akasema. "Tazama."

Nikainua uso. Alikuwa mfupi, mfupi kuliko sauti yake. Jicho moja lilikuwa na ukungu. Alipotabasamu nikaona mwanya ule ule wa mke wangu, nikashangaa kwamba nilikuwa nimeupenda miaka yote bila kujua ulikotoka. Dola tano zilikuwa zimetandazwa kifuani juu ya kanga yake, jua linazipiga.

"Wabeja, mayu," nikasema.

Alizishika kwa vile vidole vyake, akazipanga vizuri, akaniuliza, "Zinang'aa, ee?"

"Zinang'aa, mayu," nikamwambia. "Zinang'aa kweli."